Umeandikiwa faini ya kusimama kwenye makutano Kigoma? Ipinge kabla hujailipa

Karatasi aliyokukabidhi trafiki, iwe imeandikwa kwa mkono au imetoka kwenye kile kimashine chake, si hukumu. Jeshi la Polisi linakwambia hivi: tunaamini umetenda kosa hili, ukilipa kiasi hiki tumemalizana, usipokubali tutakutana kwa hakimu. Ndivyo notifikesheni, yaani karatasi hiyo, inavyofanya kazi chini ya Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168. Anayelipa kwanza ndipo aende kulalamika amefika sokoni jioni, meza zimeshafunikwa. Kwenye mfumo deni limefungwa, na limefungwa kwa njia ya kukubali kosa.

Kwa hiyo uamuzi wa kupinga au kutopinga unafanyika kabla ya kubonyeza namba ya malipo. Mengine yote yanafuata hapo.

Kosa lenyewe ni lipi

Kanuni ya makutano ni moja: usiingie mpaka uone nafasi ya kutokea upande wa pili. Taa ya kijani au mkono wa askari havikupi ruhusa ya kuingia na kukwama katikati. Mahali pengine kanuni hii imechorwa chini kabisa, mistari ya njano inayokatizana ndani ya kisanduku. Dereva wa Kigoma atakutana na michoro hiyo zaidi akiliingiza gari Dar es Salaam. Huku kwetu anayeandikiwa huandikiwa kwa maneno mengine: kuzuia makutano, kusimama juu ya zebra, kusimamisha gari pasiporuhusiwa.

Maneno hayo si kitu kimoja, na tofauti yake ndiyo inayoweza kukuokoa. Aliyepakia abiria kwenye kona ya Mwanga amesimama kwa hiari yake. Aliyekwama nyuma ya lori njia panda ya Mwandiga ameingia bila kuhakikisha nafasi. Aliyezimikiwa na injini hakufanya hata kimoja kati ya hivyo viwili. Ukiandikiwa la kwanza ilhali lililotokea ni la tatu, hapo una hoja.

Jipime kwa ukweli kabla ya kuanza safari hii. Probox ina urefu unaozidi kidogo mita 4, Coaster inafika kama mita 7. Je, ulipokuwa unaingia, upande wa pili palikuwa na nafasi tupu inayotosha gari lako na mita moja ya ziada? Kama haikuwepo na ukaingia ukitumaini wa mbele atasogea, umekosea. Lipa, yaishe. Kesi ya mtu anayejua moyoni kwamba alikosea huonekana kuanzia jibu lake la pili kizimbani.

Pale pale barabarani

Ushahidi mwingi unapotea ndani ya dakika 10 za kwanza. Mlolongo wa magari unatawanyika, lori lililokuzuia linaondoka, na wewe una hasira. Weka gari pembeni pasipozuia mtu, kisha zungumza kwa adabu:

"Shikamoo afande. Naomba unioneshe niliposimama."

"Dereva, umeziba makutano, lete leseni."

"Leseni hii hapa, afande. Sikatai kuandikiwa. Ila kosa silikubali, naomba eneo na saa viandikwe sawasawa."

Sentensi hiyo ya mwisho inatosha. Usibishane, usiombe "tuelewane", wala usitoe hata elfu mbili ya soda. Hongo inakugeuza wewe kuwa mtuhumiwa wa kosa kubwa kuliko la kusimama. Ukiombwa wewe, namba ya TAKUKURU ni 113, bure.

Askari akishamaliza, fanya haya kabla hujaondoka:

1. Piga picha za barabara, si za uso wa askari. Picha ya kwanza ipige ukiwa umbali wa kama mita 50 kutoka makutano, ya pili mita 20, ya tatu pale pale, zote kwa kimo cha macho ya dereva aliyeketi. Kila picha iwe na kitu kisichohama: kona ya duka, nguzo ya umeme, kibao cha shule.

2. Piga picha mchoro ulio chini, au mahali mchoro huo ulipopaswa kuwepo. Mvua zikinyesha, udongo mwekundu wa njia za pembeni unaburutwa na matairi hadi juu ya lami na kufunika rangi. Hilo linaonekana leo. Kesho jua likiwaka na upepo ukipita, halionekani tena.

3. Andika namba ya gari lililokuwa mbele yako, kama uliiona.

4. Omba jina na namba ya simu ya shahidi mmoja. Abiria wako anafaa, ila mwenye genge au bodaboda wa kijiwe cha pale anafaa zaidi, maana hana sababu ya kukupendelea.

5. Jirekodi kwa sauti kwenye simu, dakika mbili, ukieleza kilichotokea kabla hujakisimulia kwa mtu mwingine. Baada ya miezi miwili utashangaa ulivyokisahau.

Kigoma kuna jambo moja la kuzingatia. Tuko magharibi kabisa ya nchi lakini saa zetu ni zilezile za Dar es Salaam, kwa hiyo saa 12 jioni jua bado liko juu ya ziwa na linapiga kioo cha mbele cha anayeteremka barabara ya Lumumba kuelekea stesheni. Kama hoja yako ni kwamba alama haikuonekana, rudi saa ileile, upande uleule, upige picha ukiwa kwenye kiti cha dereva gari likiwa limeegeshwa. Picha ya saa 4 asubuhi haitakusaidia. Itamsaidia mwendesha mashtaka.

Soma karatasi mstari kwa mstari

Watu wengi husoma kiasi tu. Kiasi ndicho kisicho na la kusoma: kosa moja ni shilingi 30,000 kwa gari, na kwa bodaboda na bajaji ni 10,000 tangu Julai 2021. Ukiona 60,000, umeandikiwa makosa mawili, na huenda moja hukuambiwa.

Angalia namba ya usajili herufi kwa herufi. Angalia kama namba ya leseni ni yako. Angalia eneo: je, limetajwa makutano gani, au limeandikwa "Kigoma mjini" tu? Angalia kosa na kifungu kilichotajwa, kisha kitafute kwenye sheria ukisome. Hapa kuna mtego. Toleo la Sheria Zilizofanyiwa Urekebu la mwaka 2023 lilianza kutumika Julai 1, 2025, na baadhi ya vifungu katika sheria zetu vimebadilika namba. Ukishika kitabu cha zamani unaweza kudhani askari kakosea kifungu kumbe ni kitabu chako kilichopitwa. Hakikisha toleo kwanza.

Saa nayo. Kimashine huandika 14:20. Wewe utasema saa 8:20 mchana. Kwenye barua yako andika zote mbili, hivi: "saa 8:20 mchana, yaani 14:20". Shahidi anayeapa kwamba mlikuwa pale saa 2:20 kwa kuchanganya mahesabu anakuwa amekuhamisha saa 6 mbali na tukio, na hakimu hawezi kumsaidia.

Sasa tahadhari ambayo wapingaji wengi hawataki kuisikia: herufi iliyokosewa kwenye jina lako haifuti faini. Mkienda mahakamani itaandaliwa hati ya mashtaka mpya, na hata hiyo inaweza kurekebishwa kwa ruhusa ya hakimu. Kosa la karatasi lina uzito pale tu linapogusa kiini: gari si lile, mahali si pale, au kosa lililotajwa halifanani na maelezo yake.

Angalia pia nani aliyekuandikia. Faini ya Polisi inapingwa kwa Polisi na mahakamani. Adhabu ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, kwa daladala au basi ina njia yake. Deni la maegesho ni la TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, au halmashauri. Kumpelekea mkuu wa trafiki malalamiko ya deni la maegesho ni kupoteza nauli.

Ingia kwenye mfumo

Fungua tms.tpf.go.tz, tafuta kwa namba ya gari, kisha tafuta tena kwa namba ya leseni. Fanya yote mawili, kwa sababu deni linaweza kuonekana upande mmoja tu. Utaona tarehe, eneo, kosa, kiasi, na nyongeza ya kuchelewa. Piga picha ya skrini yenye tarehe ya siku hiyo.

Muda wa kulipa ni siku 7. Ukipita, nyongeza inaanza, na barua uliyoandika haisimamishi saa ya mfumo yenyewe. Ndiyo maana barua inatakiwa ifike ofisini siku ya kwanza au ya pili, si ya sita.

Hapa ndipo wengine hugundua faini wasiyoijua kabisa. Gari limelala Kasulu wiki nzima, mfumo unaonesha limesimamishwa mkoa mwingine. Sababu ni mojawapo ya tatu: askari kakosea herufi moja ya namba, mtu anatembea na namba yako ya bandia, au uliuza gari na mnunuzi hajabadilisha umiliki TRA. Hiyo ya tatu ndiyo inayowatesa wengi, na dawa yake si barua kwa Polisi. Dawa ni mkataba wa mauzo wenye tarehe na kukamilisha uhamisho. Kwa ile ya pili usisubiri siku hata moja: nenda kituoni ukafungue taarifa, kwa sababu namba bandia huishia kwenye makosa mazito kuliko faini.

Sababu zinazobeba, na zisizobeba

Zinazobeba ni chache. Gari liliharibika ghafla, na una risiti ya fundi ya siku hiyo pamoja na namba yake ya simu. Askari mwenyewe alikusimamisha pale, jambo linalotokea zaidi ya watu wanavyodhani: anakuinulia mkono ukiwa tayari umeingia, unatii, kisha unaonekana umeziba njia. Ulimpisha mtu aliyekwishakanyaga zebra, au gari la wagonjwa, au lori lililorudi nyuma bila kuangalia. Nafasi ya kutokea ilikuwepo ulipoingia, halafu mwingine akaijaza kwa kuchomeka kutoka pembeni. Hii ni nzuri ukiwa na shahidi, na dhaifu ukiwa peke yako. Na mwisho, kibao au mchoro unaotajwa kwenye kosa haupo.

Kwa hoja ya alama, usitegemee picha pekee. Andika barua fupi kwa TANROADS mkoa, wakala wa barabara kuu na za mikoa, au TARURA, kutegemea barabara ni ya nani, ukiuliza mambo mawili tu: je, mahali hapo pana alama rasmi, na ni ya aina gani. Jibu lao lenye muhuri lina uzito kuliko picha 20 za simu. Wakikaa kimya, nakala ya barua yako iliyogongwa "imepokelewa" inaonesha walau uliuliza mapema.

Zisizobeba ni nyingi na zinafanana: nilisimama sekunde chache, wengine nao walisimama, nilikuwa nawahi meli, sikujua, askari ana chuki na daladala za njia yetu. Hiyo ya sekunde chache ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu umekiri kusimama na umebaki unabishania muda, na muda si sehemu ya kosa.

Jambo jingine: ukitafuta mitandaoni utakutana na violezo vya barua vinavyotoka Uingereza. Kule kisanduku cha njano kinalindwa na kamera, adhabu inatolewa na halmashauri kama deni la madai, na mabishano yanahusu video na vipimo vya mchoro. Kwetu ni jinai. Shahidi mkuu ni askari aliyesimama pale, na upande wa mashtaka unatakiwa kuthibitisha bila kuacha shaka ya msingi. Kiwango hicho ni kigumu kwao kuliko kile cha madai, ila ukinakili barua ya London utakuwa unajibu swali ambalo hapa hakuna aliyeliuliza.

Barua kwa mkuu wa trafiki wa mkoa

Kabla ya mahakama kuna ofisi ya Mkuu wa Kikosi cha Usalama Barabarani Mkoa, yule wote wanayemwita RTO. Nenda asubuhi, na nakala mbili za barua: moja inabaki, nyingine inagongwa muhuri wa kupokelewa na unaondoka nayo. Bila muhuri huo, hukupeleka kitu.

Ukurasa mmoja unatosha. Mfano:

*Mkuu wa Kikosi cha Usalama Barabarani Mkoa,*
*Kigoma.*

*YAH: KUTOKUBALI KOSA KATIKA NOTIFIKESHENI NAMBA ………, GARI NAMBA ………*

*Tajwa hapo juu lahusika.*

*Tarehe ……… saa 8:20 mchana (14:20) niliandikiwa kosa la kuzuia makutano ya ……… . Kosa hilo silikubali.*

*Nilipoingia makutano, upande wa kutokea ulikuwa wazi. Nikiwa katikati, askari aliyekuwa akiongoza magari aliniinulia mkono nisimame, nami nikatii. Nilibaki hapo mpaka aliponiruhusu.*

*Naambatisha: nakala ya notifikesheni, picha 4 za eneo, na maelezo ya shahidi mmoja aliyekuwepo.*

*Naomba notifikesheni hii ipitiwe na ifutwe. Endapo haitafutwa, naomba shauri lipelekwe mahakamani ili nijibu huko.*

*Wako mtiifu,*

Ona vitu ambavyo havimo: hakuna lawama, hakuna historia ya miaka 15 ya udereva bila ajali, hakuna "naomba unisamehe". Anayeomba msamaha amekubali kosa. Chagua moja, kupinga au kuomba huruma. Barua yenye vyote viwili inasomwa kama ya huruma.

Sentensi ya mwisho ndiyo yenye meno. Inamwambia msomaji kwamba hutafuti kuchelewesha. Ofisini wanajua kuwa shauri la mahakamani linamtoa askari barabarani siku nzima akatoe ushahidi, na kama maelezo yake ni mepesi, kufuta ni rahisi kuliko kuendelea. Wasipokujibu ndani ya siku chache, rudi na nakala yako yenye muhuri uulize kwa upole limefikia wapi. Ukiambiwa kwa mdomo kwamba imefutwa, hakikisha kwenye mfumo ukiwa bado umesimama hapo hapo ofisini.

Mkifika mahakamani

Shauri litafunguliwa kwenye mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi ya eneo kosa lilipodaiwa kutendeka. Chukua kitambulisho cha NIDA, na umuandae mdhamini mwenye barua ya serikali ya mtaa, kwa sababu shauri haliishi siku hiyo na utahitaji dhamana. Kwa kosa dogo kama hili masharti huwa mepesi, lakini aliyekwenda mikono mitupu amewahi kushinda njaa mahabusu akimsubiri shemeji atoke Ujiji.

Utasomewa shtaka na kuulizwa kama ni kweli au si kweli. Wengi wanaangukia hapa. Wao hujibu hivi: "Ni kweli nilisimama mheshimiwa, ila…" Neno la kwanza limeshaandikwa. Hakimu makini ataliona lile "ila" na kuandika kwamba umekana, lakini usiliache jambo hilo mikononi mwa mtu mwingine. Sema "Si kweli," kisha nyamaza. Maelezo yana siku yake. Ukikiri, mlango wa rufaa unabaki mdogo sana: unaweza kulalamikia ukubwa wa adhabu, si kutiwa hatiani.

Siku ya ushahidi askari atasimulia, kisha utapewa nafasi ya kumhoji maswali ya dodoso. Usihutubie. Uliza maswali mafupi ambayo jibu lake unalijua tayari:

Shahidi, wewe ulikuwa umesimama upande gani wa makutano?
Kutoka hapo hadi lilipokuwa gari langu ni hatua ngapi?
Kati yako na gari langu palikuwa na gari jingine?
Nani alikuwa anaongoza magari wakati huo?
Alikuwa anaongoza kwa mkono au kwa filimbi?
Mimi nilipoingia, upande wa kutokea palikuwa na gari?

Swali la mwisho liulize tu kama una shahidi atakayelijibu kwa upande wako. Kama huna, liache. Askari atasema "ndiyo, lilikuwepo", na utakuwa umemsaidia kukamilisha ushahidi wake.

Usimuulize kamwe "kwa nini uliniandikia". Swali la kwa nini linampa shahidi ruhusa ya kusema chochote anachotaka, kwa urefu anaoutaka.

Upande wa mashtaka ukimaliza, hakimu ataamua kama una kesi ya kujibu. Huna? Unaachiwa hapo. Unayo? Utatoa utetezi wako, vizuri zaidi chini ya kiapo, na kumleta shahidi wako. Picha peleka zilizochapishwa, na simu iliyozipiga uwe nayo. Utaulizwa nani alizipiga, lini, na kama zimeguswa. Kwa hiyo usizihariri, hata kwa kuongeza mwanga.

Ukitiwa hatiani na unaona hukumu haikuzingatia ushahidi, kusudio la kukata rufaa linatolewa ndani ya siku 10 na rufaa yenyewe ndani ya siku 45, kwenda Mahakama Kuu, ambayo ina kanda yake hapa hapa Kigoma. Kwa faini ya makutano ni wachache mno wanaofika huko, na sababu ni ya kihesabu zaidi kuliko ya kisheria.

Hesabu ya mfukoni

Piga hesabu hii kabla ya barua, si baada ya tarehe ya tatu ya kesi. Kesi ndogo inaweza kuahirishwa mara mbili au tatu: shahidi hayupo, hakimu yuko safarini, jalada halijafika. Kila tarehe ni siku ya kazi. Kwa bodaboda wa Gungu aliyeandikiwa 10,000, siku moja ya kukaa kwenye benchi la mahakama inaweza kumla kuliko faini yenyewe. Tena adhabu ya mahakama haifungwi na ile 30,000 ya notifikesheni. Ukishindwa inaweza kuzidi. Na usipotokea tarehe yako, hati ya kukamatwa inaweza kutolewa, na hapo jambo la elfu thelathini limegeuka la polisi kukutafuta nyumbani.

Mtazamo wetu ni huu: barua kwa RTO iandikwe kila unapokuwa na hoja ya kweli, maana haigharimu zaidi ya karatasi na nauli ya mjini. Mahakama iwe kwa mambo matatu: faini si yako kabisa, ushahidi wako hauhitaji maelezo marefu, au umesimamishwa mara moja na makosa yakarundikwa hadi kiasi kimekuwa kikubwa. Mwenye magari kadhaa ana sababu ya nne, kwa kuwa anayekubali kila kitu ili mambo yaende ndiye ambaye rekodi ya leseni za madereva wake hujaa.

Wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 wapo, na wanaweza kukusaidia kuandika barua na kukuelekeza taratibu bila malipo. Hawatasimama mahakamani badala yako. Anza kwa kuuliza ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri.

Ukiwa umeandikiwa mbali

Hili ni la madereva wa mabasi na malori. Umeandikiwa kwenye kisanduku cha njano Dar es Salaam, umerudi Kigoma, reli peke yake ni zaidi ya kilomita 1,200 kwenda kule. Shauri litasikilizwa kule, si hapa. Kwa hiyo barua yako inaelekezwa kwa mkuu wa trafiki wa mkoa wa kipolisi husika, ikitumwa kwa rejista ya posta au kupelekwa kwa mkono na mtu unayemwamini atakayerudi na muhuri. Kama gari ni la kampuni, mwenye gari ndiye anayepaswa kubeba safari hiyo, na mkataba wa dereva useme hivyo kabla faini haijatokea. Kamera ya kioo cha mbele inafaa hapa kuliko mahali popote: weka kadi inayohifadhi angalau siku 3, kwa sababu safari ya kurudi inaweza kufuta rekodi ya tukio kabla hujashuka Mwandiga.

Ukishinda, kwa barua au kwa hukumu, deni halijitoi lenyewe kwenye mfumo. Peleka nakala ya uamuzi ofisi iliyokuandikia, rudi baada ya siku mbili, tafuta tena kwa namba ya gari na ya leseni. Nakala nyingine iweke kwenye droo ya gari pamoja na bima, ili trafiki wa Uvinza akikwambia "dereva, unadaiwa", uwe na cha kumwonesha.